Yule mganga sio tapeli

Mhariri, salam. Nimesoma uchambuzi wenu wa riwaya za vijijini za Uchina, asanteni kwa kukumbuka kwamba Uchina sio simu na reli tu, ila pale mwandishi wenu aliposema riwaya ya mwandishi wa Kichina Chi Zijian, ile ya ukingo wa kulia wa mto Argun, ni ushirikina mtupu, hapana jamani, hapo nimegoma.

Anayesimulia ni bibi wa miaka 90 wa kabila la Waevenki, wafugaji wa kulungu wa baridi (wale wa kwenye kadi za Krismasi) kule misitu ya Mongolia ya Ndani (jimbo la kaskazini mwa Uchina, sio nchi ya Mongolia). Hawa watu kuni wanaokota, mti mbichi hawaugusi. Wakila dubu wanalia kama kunguru ili dubu adhani kunguru ndo waliomla. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana huyo ni mtu anayemuonea haya mnyama aliyemuua, mimi nyama nainunua kwenye mfuko hata haya sina.

Sasa Nihao, yule mganga wao, mnamuita tapeli. Tapeli gani analipa yeye? Kila akiokoa mtu, mtoto wake mwenyewe anakufa, na anajua kabla hajaanza kucheza ngoma yake ya uganga, na bado anavaa mavazi yake anaenda. Wakata magogo walipokuja na barabara zao na malori walibeba miti tu, nani aliwadai?

Na kilichoniuma zaidi uchambuzi umekiruka. Mwaka 2003, hii sio riwaya, serikali iliwahamishia Waevenki karibu na mji wa Genhe, na sababu iliyotajwa ni kulinda mazingira. Yaani wasiokata mti mbichi ndo watolewe ili msitu upone! Kulungu wale chakula chao ni kuvumwani ya msituni (vile vinavyoota kama ukoga ardhini na kwenye miti), ukiwafungia zizini wanakonda, kwahiyo kuna wafugaji waliorudi nao porini. Riwaya ikatoka 2005, tuzo ya Mao Dun, ile kubwa ya riwaya huko Uchina, ikaja 2008, ushirikina gani huo unapewa tuzo ya taifa lisiloamini Mungu, sijui.

Halafu nahisi mwandishi wenu hakufika kurasa za mwisho. Msitu unawaka moto, Nihao keshazeeka, anacheza kuomba mvua. Mvua ikaja kweli, moto ukazima, yeye akafa palepale.

Msomaji wenu, Morogoro