Barua kwa binti yangu kuhusu ile fomu ya mdhamini

Mwanangu,

Kaka yako kanipigia jana usiku akanambia kazini kwenu wameanza kupunguza watu, idara moja imeshafungwa na nyie wengine mmeambiwa msubiri barua. Kwanini nisikie kwake na sio kwako mama? Sijakasirika, au nimekasirika kidogo, hilo tutaongea ukija. Ila kilichoninyima usingizi sio kazi, ni hiyo fomu. Anasema kuna mwenzako wa ofisini kakuomba umdhamini mkopo na fomu umeshaibeba nyumbani. Usisaini. Nakuomba kama baba yako usisaini mpaka umalize kusoma hii barua, na ukimaliza pia usisaini.

Najua utanijibu ni mtu mzuri, hana makuu, mmetoka naye mbali. Sawa, sibishi, simjui. Lakini watu wengi wanachukulia mdhamini kama shahidi, kwamba unaweka sahihi kusema huyu namfahamu basi imeisha. Kumbe unaahidi kwamba asipolipa yeye utalipa wewe, deni na riba na faini za kuchelewa juu yake. Na sehemu nyingi anayedai halazimiki hata kumbana mkopaji mpaka mwisho ndio aje kwako, anamfuata yule ambaye mshahara wake unaonekana. Sasa nyie mko ofisi moja, ofisi hiyohiyo inayopunguza watu. Akipunguzwa yeye, unalipa wewe. Mkipunguzwa wote wawili analipa nani? Nimejiuliza hilo usiku kucha sijapata jibu zaidi ya kwamba watakuja kuchukua kitu cha wanao. Na hata kama atalipa vizuri mpaka mwisho, huo mkopo unaweza kuhesabiwa kwako, siku na wewe una shida ya haraka unaenda kukopa unaambiwa umeshabeba mzigo wa kutosha.

Halafu mkopo wenyewe wa nini? Eti anataka kuweka kwenye kikundi cha uwekezaji kinachotoa faida ya uhakika kila mwezi, na ukileta mtu unaongezewa. Mama, wewe hesabu zako hakuna wa kukudanganya, hiyo naisema mbele ya mtu yeyote, sasa hii ilikupitaje? Kipindi hiki biashara zinafungwa na watu wanarudishwa nyumbani, faida ya uhakika inatoka wapi? Inatoka kwenye hela ya aliyeingia jana. Mwaka 1920 kule Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi watu faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, na wale wa mwanzo walilipwa kweli, ndio maana wakaenda kuita na ndugu zao, mwaka huohuo kila kitu kikasambaratika. Bernie Madoff, Mmarekani mwingine wa mchezo huohuo, yeye alidumu miaka mingi sababu faida yake ilikuwa ya wastani tu, haishtui mtu, mpaka uchumi ulipoyumba 2008 watu wakataka hela zao kwa pamoja ikaonekana hamna kitu. Vitu hivi huwa vinaanguka wakati huuhuu ambao kila mtu anahitaji chake. Kwahiyo unataka kudhamini mkopo unaoenda kuzama.

Kama unashindwa kumkatalia, mwambie baba amekataa. Nibebeshe mimi, anichukie mimi, sina shida na hilo.

Hiyo huruma ya kumkinga mwenzako anza nayo nyumbani kwako. Piga hesabu ya mwezi mmoja ya vile ambavyo hamuwezi kuviacha, yaani kodi, chakula, ada, dawa, nauli, basi, halafu uwe na akiba ya kukuvusha miezi 3, ikiwezekana 6, sehemu ambayo unaweza kuitoa siku hiyohiyo. Najua huna yote saa hii. Anza na ya mwezi mmoja. Lakini kama una ile mikopo ya kwenye simu, hiyo kwanza, manake riba ya asilimia 10 kwa mwezi ukiiacha ijilimbikize mwaka mzima deni linapita mara 3 ya ulichokopa, hakuna akiba inayokua hivyo duniani. Hela ya miaka ya mbele ndio usiifungie kabatini, bei zikipanda asilimia 9 kila mwaka basi baada ya kama miaka 8 vitu vinakuwa mara mbili na hela yako ni ileile. Ila hayo ni ya baadae, saa hii kwanza ujikinge.

Mumeo anajua kuhusu hiyo fomu? Kaka yako alipofika hapo alinyamaza, nikaelewa. Mwanangu mwambie leo. Kaeni wote wawili mkiwa mmetulia, watoto wamelala, muandike kila deni na kila akaunti na bima zote na karatasi ziko wapi, mmoja akiumwa mwingine asianze kupekua mikoba. Na kwenye mafao yako angalia jina la mrithi uliyemuandika, nadhani bado ni langu tangu hujaolewa na mimi sikuwahi kukukumbusha. Badilisha, weka mumeo na watoto.

Kuhusu kazi yenyewe, soma mkataba wako sasa hivi kabla hujaitwa. Angalia notisi ni ya muda gani, likizo ambazo hujachukua wanazilipaje, na kiinua mgongo kinahesabiwaje. Bima ya afya inayolipwa na mwajiri mara nyingi inakatika na kazi, uliza inaisha lini, na yule mdogo kama bado ana shida ya macho mpeleke wiki hii. Kingine, wakikuwekea mezani karatasi ya kuacha kazi kwa hiari yako usiisaini hapohapo hata wakikuharakisha, ukiandika umeacha mwenyewe unaweza kupoteza malipo ya kupunguzwa. Sema nimepokea, naenda kusoma, alafu tafuta anayejua sheria za kazi akusomee. Unaona narudi palepale kwenye sahihi. Kazi ikipotea utapata nyingine, wewe ni mchapakazi na wanaokujua wanajua, lakini ukitafuta kazi huku unalipa deni la mtu mwingine utakubali chochote watakachokupa.

Hela ya pampu ya maji usitume mwezi huu wala ujao. Fundi kaiangalia anasema inaweza kwenda bado, na ikigoma tutachota, sio mara ya kwanza. Mama yako mgongo umepata nafuu, anatembea mpaka getini na kurudi. Anauliza ile cherehani uliyosema ni yako bado unaihitaji au ampe mdogo wako aanze kushonea watu, mimi nimemwambia asubiri, huenda ukaihitaji wewe. Tujibu hilo. Na fomu ukishairudisha bila sahihi nipigie hata kama ni usiku, simu nitaiacha wazi.

Baba yako