Nondo za chuma ndani ya maua: akiumia mtu, kesi ni ya nani?

Wakili, salaam na pole kwa kazi.

Nyumba yetu iko Goba, Dar es Salaam, kwenye kona ambapo barabara ya vumbi inapanda kilima na kugawanyika. Aliyenunua kiwanja cha kona ananielewa: raha yake unaiona siku ya kulipia tu, baada ya hapo unaishi na magari. Mvua za masika zimechimba korongo katikati ya njia, na hakuna aliyekuja kulifukia. Kwa hiyo kila anayepanda na mzigo analikwepa kwa kupita ndani ya uwanja wetu. Bodaboda na bajaji nimeshawazoea. Wanaonitoa roho ni wa tipa za mchanga na maboza ya maji. Ukuta hatujajenga, hela iliishia kwenye bati. Upande mmoja tuna michongoma, upande wa kona ni nyasi, vichaka vya maua, na karo la choo.

Nyasi zitaota tena. Hilo karo ndilo linaloninyima usingizi. Mfuniko wake ni zege lililomwagwa ili watu wakanyage, nani aliwaza kwamba litapitiwa na lori? Juzijuzi boza lilipitisha matairi ya nyuma pembeni mwa mfuniko, zege likapasuka. Ufa wenyewe unaingiza kidole changu cha shahada mpaka pingili ya pili, na jua likiwa kali harufu inapanda mpaka barazani. Dereva alishuka, akakagua tairi lake, akapanda, akaondoka bila hata kusema samahani mama. Fundi alipokuja kuangalia alisema likipita jingine hapo, linazama.

Sasa likizama, Wakili, nani atamlipa mwenzake? Mume wangu anasema dereva, kwa sababu kaingia kwa watu bila hodi. Jirani yangu anashikilia kwamba mwenye shimo ndiye mwenye kesi, hasa kama alishajua kuwa limepasuka. Mimi najua limepasuka, na fundi ni shahidi. Je, kule kujua kwangu kunanibana?

Mume wangu ameshapata dawa yake. Anataka kununua nondo, azikate vipande, azichonge ncha, azisimike kwenye zege katikati ya maua zisionekane. Anasema tairi la tipa likipasuka mara moja tu, madereva wote wataambiana na hakuna atakayekanyaga tena. Kuhusu kuambiana hajakosea, wale watu wana habari kuliko redio. Lakini nondo haichagui. Hapa usiku kukikatika umeme huoni mkono wako, bodaboda wanapita bila taa, nyuma kuna mama amebeba mtoto. Akiserereka kwenye korongo akaangukia kwenye nondo zile, utamwambia nini polisi? Kwamba ulikuwa unalinda maua? Nilimwambia hiyo siyo kinga, ni mtego, na tangu siku hiyo chakula cha jioni tunakula kwa salamu fupi.

Shemeji yangu anayeishi Marekani, jimbo la Ohio, ndiye aliyemtia kiburi. Alimsimulia kesi ya huko: mwenye nyumba alichoshwa na magari yanayogonga sanduku lake la barua kando ya barabara, akasimika nguzo ya bomba la chuma la inchi 8, akaifukia karibu futi tatu. Desemba 2016 gari likateleza kwenye barafu, likagonga nguzo, likapinduka, dereva akapooza. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Ohio, na mwaka 2021 majaji kwa wingi wao wakasema mwenye nyumba hadaiwi, kwa kuwa nguzo ilikuwa nje ya sehemu ya barabara ambayo magari hupita kwa kawaida. Mume wangu anaitaja hukumu hiyo kama vile imetolewa hapa kwetu, mahakama ya Kisutu. Nikamjibu mambo mawili. Kwanza, ile nguzo ilisimama wazi na sanduku juu yake, kila mtu aliiona. Pili, kwetu sehemu ambayo magari hupita kwa kawaida ndiyo hiyohiyo uwanja wangu, wamepita mpaka pamekuwa njia. Je, kupita kwao kwa muda mrefu huku tukinung'unika tu kunahesabika kuwa tumewaruhusu?

Kuna jambo jingine ambalo mume wangu halitaki hata kulisikia. Bikoni, yaani alama ya mpimaji inayoonyesha mpaka wa kiwanja, ya upande wa kona hatuioni. Huenda imefukiwa na udongo, huenda greda liliing'oa. Sisi tunahesabu mpaka kuanzia kwenye mkorosho uliokuwepo tuliponunua. Kama mpaka halisi uko ndani zaidi, basi hizo nondo zitakuwa kwenye hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara. Mtendaji wa mtaa ametueleza kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu kuweka kitu kwenye hifadhi bila kibali cha mamlaka ya barabara, na kwa barabara zetu za mitaani mamlaka hiyo ni TARURA. Mwenyekiti, kwa upande wake, anasema tupange mawe makubwa, tuyapake chokaa, tusisumbue watu. Nani tumsikilize? Sisi wa Dar tuliona ya Kimara mwaka 2017, nyumba za watu zilivyovunjwa kwa sababu ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo neno hilo likitajwa mimi natetemeka.

Mawazo yangu mimi ni haya. Mpimaji aje kwanza aonyeshe bikoni. Kisha, ndani ya mpaka wetu, tupange mawe makubwa yaliyopakwa chokaa yanayoonekana hata usiku, na karo tulizungushie matofali na kibao cha onyo wakati tunatafuta hela ya mfuniko mpya. TARURA tuwaandikie barua kuhusu korongo, nakala kwa mtendaji, tubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Lakini hata jiwe jeupe laweza kumvunja mtu mguu, na hapo ndipo ninapokwama. Je, kuliweka wazi na kulipaka rangi kunatosha kuniondolea lawama, au bado nitadaiwa fidia? Na zile nondo zilizofichwa, akifa mtu, zinaishia kwenye fidia au mume wangu anaweza kushtakiwa kwa jinai?

Halafu yule wa boza. Namba ya gari niliiandika, picha za ufa ninazo na fundi yuko tayari kusema alichokiona. Naanzia wapi kumdai, polisi au kwa mwenye gari?

Nakuomba ujibu mapema, Wakili. Mume wangu ameshaulizia bei ya nondo, na fundi wa kuchomelea kaambiwa asubiri mwisho wa mwezi. Akinisikia mimi anasema naogopa. Wewe labda atakusikia.

Mama wa Kona,
Goba