Masikio ya wasokota sigara wa Cuba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii wiki mbili zilizopita kuhusu uhuru wa nchi za Amerika zinazosema Kihispania. Kwa ufupi alisema kwamba mashairi na riwaya havikuwa na kazi yoyote katika vita vile, kwa sababu watu wengi wa makoloni hayo hawakujua kusoma. Vitabu vilikuwa pambo la watoto wa matajiri, akasema, na Mhispania aliondolewa kwa panga na bunduki. Nimefundisha fasihi shule za sekondari kwa miaka 31, na barua ile ilinikosesha usingizi, maana nusu yake ni kweli.

Ni kweli wengi hawakujua kusoma. Ni kweli pia kwamba bila majemadari kama Máximo Gómez na Antonio Maceo, na wapiganaji wao walioshika mapanga yaleyale ya kukatia miwa, Cuba isingefika popote. Lakini asiyejua kusoma ana masikio, na hapo ndipo mwenzangu alipopitiwa.

Jambo hili nalijua tangu utoto. Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Tanga, yeye na wenzake watatu kwenye baraza moja. Nikitoka shule nilikuwa naketi juu ya gunia la vipande vya vitambaa na kuwasomea gazeti kwa sauti, na siku ya hadithi ya mfululizo hata wauza kahawa walisogea. Macho na mikono ya mafundi ilikuwa kazini, masikio yalikuwa huru. Nikifika mahali patamu, vyerehani vilinyamaza vyote kwa pamoja. Fundi mmoja hakujua kuandika hata jina lake, lakini ndiye aliyenishika kila niliporuka mstari: "Rudi nyuma mwanangu, hapo umekula maneno." Miaka mingi baadaye nilipokutana na habari za viwanda vya sigara vya Havana, mji mkuu wa Cuba, nilihisi nimerudi juu ya gunia lile.

Tarehe 21 Desemba 1865, katika kiwanda kilichoitwa El Fígaro, wasokota sigara walikubaliana mwenzao mmoja aache kusokota awasomee wakiwa kazini, nao wachange kufidia pato lake. Aliyelivalia njuga jambo hilo ni Saturnino Martínez, msokota sigara aliyekuwa pia mshairi, mwanzilishi wa La Aurora, gazeti la wafanyakazi. Utaratibu ulienea haraka. Asubuhi magazeti, baadaye riwaya, na riwaya ya kusomwa ilichaguliwa kwa kura za wafanyakazi. Msomaji alipandishwa kwenye kiti kirefu katikati ya ukumbi ili sauti ifike kila meza. Kila msokota sigara ana kisu chake, kipande cha bati kali kilichopinda, kisicho na mpini, cha kukatia jani la tumbaku. Kisomo kikiwakosha, walivigonga visu hivyo mezani badala ya kupiga makofi, mamia kwa pamoja. Mshahara wa msomaji haukutoka kwa mwenye kiwanda. Ulitoka mifukoni mwao.

Serikali ya kikoloni ilichukua muda gani kushtuka? Haikufika hata mwaka. Mwaka 1866 ilipiga marufuku usomaji viwandani. Watawala wale hawakuwa wajinga, hawakutunga amri dhidi ya pambo. Miaka 22 kabla ya hapo, Juni 1844, walikuwa wamempiga risasi mshairi Gabriel de la Concepción Valdés, chotara aliyejulikana zaidi kwa jina la Plácido, wakimshutumu kula njama ya maasi. Na huko Manila, Ufilipino, koloni lao jingine, Desemba 1896 wakamuua José Rizal, mtu ambaye silaha yake kubwa ilikuwa riwaya mbili alizoandika kwa Kihispania.

Vita vya kwanza vya Cuba vilianza Oktoba 1868, vikadumu miaka 10, vikaisha bila uhuru. Wasokota sigara wengi walikimbilia Florida, Marekani, kwanza Key West, kisha Tampa, na msomaji akavuka bahari pamoja nao. Key West alikuwako José Dolores Poyo, aliyekuwa msomaji wa kiwandani, na ndiye huyohuyo aliyeanzisha gazeti la El Yara, lenye jina la kijiji kinachokumbukwa kwa mwanzo wa vita vile. Wakati vita vimelala na majemadari wametawanyika ugenini, sauti ya kwenye kiti kirefu haikulala.

Kwenye kumbi hizo ndiko alikofika José Martí, mshairi wa Cuba aliyepigania uhuru wake, Novemba 1891. Alitoa hotuba mbili Tampa kwa usiku mbili mfululizo, zikanukuliwa kwa hatimkato na kuchapwa. Wasikilizaji wake hawakuwa watu wa kuelimishwa upya. Walikuwa wamesikilizishwa riwaya za Victor Hugo na Cervantes, na habari za dunia kila asubuhi, kwa miaka na miaka. Mwaka uliofuata kikazaliwa Chama cha Mapinduzi cha Cuba na gazeti lake, Patria. Chama kiliendeshwa kwa fedha za nani? Kwa sehemu kubwa ni za wasokota sigara waliokatwa ujira wao kwa hiari, wengine wakitoa pato la siku nzima. Naomba mwenzangu alitazame hilo kwa makini, kwa sababu bunduki anazozisifu zilinunuliwa kwa michango ya watu waliokuwa wakisomewa. Januari 1895 mamlaka za Marekani zilinasa shehena ya silaha katika bandari ya Fernandina, jasho la miaka likapotea kwa siku chache. Hata hivyo tarehe 24 Februari vita vilianza.

Sasa kuna jambo moja ambalo sisi wa Afrika tumenyimwa muda mrefu, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Andishi mojawapo la mwanzo kabisa la Martí kuhusu uhuru halikuzungumzia Cuba. Tarehe 23 Januari 1869, siku 5 kabla ya kutimiza miaka 16, alichapisha katika gazeti lililotoka toleo moja tu tamthilia fupi ya kishairi. Jina lake ni Abdala. Shujaa wake ni kijana wa Nubia, huko kwenye mto Nile, ambaye nchi yake inavamiwa. Mama yake anamsihi asiende vitani. Abdala anamjibu kwamba kuipenda nchi si kupenda udongo na majani tunayoyakanyaga, ni kumchukia bila kushindwa anayeionea. Anakwenda, analetwa amejeruhiwa, na anakufa akijua Nubia imeshinda. Mtoto mweupe wa Havana, mwana wa askari wa Kihispania, katika kisiwa ambacho Waafrika walikuwa bado watumwa, alipotafuta sura ya mtu huru alimchagua Mwafrika mwenye jina linaloitwa kila siku katika mitaa yetu. Msomaji wa Havana hakuhitaji ramani kujua Nubia ile iko wapi.

Mwaka huohuo alikamatwa. Ushahidi mkuu ulikuwa barua aliyomwandikia mwanafunzi mwenzake, akimlaumu kwa kujiunga na jeshi la Wahispania. Kwa karatasi hiyo alihukumiwa miaka 6 ya kazi ngumu, akapewa namba 113, akapelekwa machimbo ya mawe akiwa na mnyororo kutoka kiunoni hadi mguuni. Alipopelekwa uhamishoni Hispania mwaka 1871, alichapisha kijitabu juu ya gereza lile akiwa na miaka 18. Hata wimbo wa Guantanamera, ambao wengi wetu tumeucheza arusini bila kujua, beti zake zinazojulikana zaidi zimetoka katika kitabu chake cha mashairi cha 1891.

Aliuawa vitani Dos Ríos tarehe 19 Mei 1895, akiwa na miaka 42. Siku moja kabla alikuwa akimwandikia rafiki yake wa Mexico barua ambayo hakuimaliza, akieleza hofu yake kwamba Marekani itavinyakua visiwa vya Karibi. "Nimeishi ndani ya zimwi hilo, nayajua matumbo yake," aliandika, "na kombeo langu ni la Daudi." Mwaka 1898 Mhispania alishindwa, na bendera iliyopanda Havana mara alipoondoka ilikuwa ya Marekani, hadi Mei 1902. Bunduki za pande zote zilikuwa mezani siku zile, lakini aliyeyaona mapema na kuyaandika ni mshairi.

Nina ombi, Ndugu Mhariri. Ukurasa wako wa fasihi uichape Abdala kwa Kiswahili. Ni fupi, inaweza kutoka kwa matoleo mawili au matatu. Kihispania changu hakinitoshi kuitafsiri peke yangu, lakini wako Watanzania waliosoma Cuba ambao lugha hiyo imewakaa mdomoni. Akijitokeza mmoja, mimi nitasaidia upande wa mizani na vina bila malipo.

Yule fundi aliyekuwa akinishika nikila maneno bado yupo, anakaribia miaka 80, na macho sasa hayaoni hata uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi. Mkiichapa, nitakwenda barazani kwake nimsomee.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga