Barua kwa mwanangu Dodoma: bustani lima, hiyo chupa itoke

Muheza, Oktoba

Mwanangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, vuli imeanza kudondoka, na baba yako anakusalimu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu nikisema unaniitikia "ndiyo mama, ndiyo mama", halafu unaniuliza bei ya nazi. Safari hii soma mpaka mwisho, kisha umsomee na baba Salma.

Ile dawa ya wadudu uliyopimiwa dukani ikatiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, iko wapi sasa? Uliniambia iko nyuma ya mlango wa jikoni. Mwanangu, Salma ana miaka miwili. Umri huo kila kitu kinaishia mdomoni, na chupa ya maji yeye anaijua ni ya maji. Yaliyowapata jirani zetu wa bondeni unayajua, siyarudii. Chupa hiyo itoke ndani leo, kabla hujashika jembe.

Tena wewe mwenyewe hujui mna nini humo. Dawa ya mimea inayouzwa kihalali huja na chombo chake na lebo yake: jina, zao linalofaa, kipimo kwa lita za maji, siku za kungoja kabla ya kuvuna, na utepe wa rangi chini. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote, inafuata njano, halafu bluu, halafu kijani, na hata hiyo ya kijani ni sumu. Iliyopimwa kwenye chupa ya maji haina hata moja kati ya hayo. Umepuliza mchicha Jumamosi, Jumatano umechuma. Nani aliyekuambia siku nne zinatosha? Muuzaji hakukwambia, na wewe uliyesomea uuguzi hukumuuliza. Hapo ndipo nilipoumia. Maana niliposikia umeanza bustani nilifurahi mpaka nikawatangazia kina mama wa kikundi kwamba binti yangu amehamishiwa Dodoma, na pamoja na zamu za usiku bado anakula mboga za mkono wake.

Huo mchicha uliokwisha kupulizwa msiule. Ung'oe uufukie, wala kuku usiwape. Chupa usiimwage chooni wala mtaroni, usiichome na takataka. Irudishe ulikonunua, na wakikataa mtafute bwana shamba wa kata akuelekeze. La kufanya mtoto akinywa sumu wewe unalijua kuliko mimi, lakini binti anayekusaidia kazi halijui, na ndiye anayeshinda na Salma. Mfundishe: asimtapishe, asipoteze muda kutafuta maziwa, amkimbize hospitali na chombo chenyewe mkononi. Mwambie leo, usingoje siku ya mapumziko yako.

Na usije ukaniambia mbona dawa ya baba yako ya michungwa ilikaa darini miaka yote. Ilikaa, nami nilikuwa napita chini yake nikienda kukoka moto. Sasa haipo, imejengewa kisanduku cha kufuli kule shambani.

Haya, bustani yenyewe. Naona unalima Dodoma kwa kalenda ya Muheza, ndiyo maana unahangaika. Sisi tuna vuli sasa, tuna masika Machi mpaka Mei, na hata kwenye kusi mvua hupita ikachungulia. Huko mna msimu mmoja tu: unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, unakatika Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Ukisikia mimi nasia, wewe usisie.

Mwezi huu kazi yako ni kitalu. Tafuta sanduku la mbao au beseni lililotoboka, changanya udongo, mchanga na samadi iliyooza, usie nyanya, ngogwe na pilipili, uliweke mahali penye kivuli cha mchana. Miche inataka wiki nne hadi sita, kwa hiyo itakuwa tayari mvua ikitulia. Nasema ikitulia. Mvua ya kwanza ya huko huwahadaa watu: inanyesha siku mbili, mbegu zinaota, kisha jua linarudi linazikausha zote. Chimba kwa kiganja. Unyevu ukiwa umeshuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, panda bamia, kunde na maboga moja kwa moja ardhini. Ukikuta juu pamelowa na chini ni vumbi, rudi ndani ungoje.

Kuhusu matuta, sahau nilivyokufundisha. Hapa tunainua tuta ili maji ya masika yakimbie, mizizi isioze. Huko maji ndiyo unayoyatafuta. Chimba kitanda kishuke chini ya usawa wa ardhi kama urefu wa kiganja, jaza samadi na udongo wa juu, uache kingo pande zote ili kila tone libaki humo. Juu tandaza majani makavu. Samadi kwa Wagogo haina shida, mbuzi wamejaa, ila usitie mbichi, itaunguza miche. Iliyoiva haina harufu kali, na ukiifikicha inavunjika kama udongo.

Na maji, kwa mgao mlio nao, ya kuoshea mchele na mboga yote yaende kitandani. Ya sabuni mwagia maua ya uzio, usimwagie mboga. Visima vingi vya huko vina chumvichumvi, na maharage hayaivumilii, yatakuchosha bure. Spinachi inaivumilia. Jaribu hiyo kwanza.

Mchicha ndio unaonishangaza kukushinda. Mbegu yake ni punje ndogo nyeusi inayong'aa, ukiimwaga kwa mkono inaanguka yote mahali pamoja, miche inabanana, inakuwa dhaifu, na wadudu wanajipatia. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na viganja viwili vya mchanga mkavu, ndipo utawanye. Funika kwa udongo mwembamba sana, tandika nyasi juu, na zikichomoza tu ondoa nyasi jioni. Wiki ya tatu anza kupunguzia kwa kung'oa, na hayo uliyong'oa ndiyo mboga ya kwanza. Mashina matatu yaliyo bora yaache yatoe mbegu. Hutanunua tena.

Sasa wadudu, maana ndio waliokupeleka kule dukani. Geuza jani la bamia, tazama upande wa chini karibu na kikonyo na kwenye ncha changa. Utakuta vidukari wamejipanga, wadogo, wa kijani au weusi, na jani linanata. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, ujue wanafuata utamu wanaoutoa vidukari, na wanawalinda. Hao hawahitaji dawa ya dukani. Asubuhi wapige maji kwa nguvu, waliobaki waponde kwa vidole, na ncha iliyojaa sana ikate. Vile vidudu vyekundu vyenye madoadoa meusi mgongoni usiviue, vinakula vidukari. Dawa yako imeviua hivyo kwanza, ndiyo maana vidukari wamerudi wengi kuliko mwanzo.

Wakizidi, mwarobaini huko umejaa njiani. Twanga kilo moja ya majani mabichi, loweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili ishike kwenye jani, upulize jioni jua likishazama, kwa sababu jua linaiharibu. Haiui papo hapo. Wadudu wanaacha kula, wanapungua taratibu, na baada ya wiki unarudia. Subira hiyo ndiyo inayokupungua tangu utotoni. Na hata hiyo isikae kwenye chupa ya kunywa! Tengeneza ya siku hiyo, imalize siku hiyo, na mboga zioshwe vizuri kwa maji safi.

Kwenye nyanya angalia kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014. Kifunza chake kinachimba ndani ya jani, unaona mabaka yaliyokauka kama karatasi. Jani la namna hiyo lichume, tia kwenye mfuko, funga, anika juani mpaka kila kilichomo kife. Pita kila siku mbili. Na maji mwagia shinani, usiyalowanishe majani, hasa Januari na Februari, ukungu utakumaliza. Kwa kweli nyanya nzuri za huko ni za Mei mpaka Agosti, baridi ikiingia, ukiwa na maji. Miezi hiyo ndiyo ya kabichi, karoti, figiri, vitunguu na kotimiri. Kotimiri ukiisia sasa kwenye joto la Oktoba itakimbilia maua kabla hujaila.

Jifunze pia kwa wenyeji wako. Mlenda unaota wenyewe mvua ikianza, wanauchuma, wanauanika, wanautwanga, wanautumia kiangazi chote. Hawanunui dawa ya kitu hicho. Mwenye nyumba wenu ni mama mtu mzima, mwamkie, kaa naye, muulize. Najua una aibu ya kuuliza, umeirithi mahali, lakini kwa mboga usiwe nayo.

Viungo weka karibu na mlango. Mchaichai ukishashika unavumilia jua. Mnanaa utafutie kivuli pale maji ya bafuni yanapopita pembeni, si yanapoingia. Tangawizi panda kwenye ndoo iliyotobolewa, mvua zikianza. Mrehani ukate maua kila yakitokeza, utaendelea kutoa majani. Kivumbasi panda chini ya dirisha la Salma, kinasaidia kufukuza mbu, ila chandarua kibaki.

Asumini uliyoondoka nayo inalia kiu, ndiyo maana majani yamekuwa ya njano. Iweke kwenye chungu kikubwa upande unaopata jua la asubuhi tu, maji jioni, na ikimaliza kuchanua ikate ncha. Uzioni panda bogenvilia. Ikishashika mizizi, kadiri unavyoinyima maji ndivyo inavyochanua, na hiyo haitakugombanisha na ndoo zenu.

Nimekutumia mzigo kwa basi la Alhamisi. Mna marando ya matembele kwenye gunia lililolowa, yapande jioni hiyo hiyo yakifika. Mna mbegu za bamia, nimezihifadhi kwenye majivu, zipepete kwanza. Nazi kumi, na kanga doti moja, ni zawadi yako ya kuhamia, msigawane na wifi yako. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe lakini hataki kupumzika. Bati la jiko bado linavuja upande wa kinu, fundi amechukua fedha nusu na hajaonekana. Ada ya mdogo wako imebaki ya muhula mmoja. Sikuombi, nakujulisha tu.

Nijibu kwa simu ukitoka zamu, na neno la kwanza liwe la hiyo chupa imekwenda wapi. Baba Salma mwambie tenki la maji lina mfuniko uliopasuka, niliuona kwenye picha mliyotuma. Anunue mwingine, mtoto asipande. Gunia nalo nirudishie na yeyote atakayekuja Tanga, nimeliazima kwa mama mkubwa wako naye ameshaliulizia.

Wasalaam,
Mama yako