Nyumba ya Longuo haiuzwi, baba

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, ila masika yameanza na paa la sebuleni linavuja palepale pa mwaka jana.

Dalali uliyemtuma aiuze nyumba hii ili tuhamie kwako alifika. Kijana mwenye adabu, alikunywa chai, akaupima uwanja kwa hatua, kisha akamuuliza baba yako anataka shilingi ngapi. Nilikuwa jikoni nasikia. Baba, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wetu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hata baba yako angekubali (na alikuwa njiani kukubali, unajua anavyopenda wageni), bado mngenihitaji mimi.

Sisemi huna hoja. Vyumba vitano kwa wazee wawili ni vingi. Viwili havifunguliwi mpaka mje Krismasi, na vinanuka unyevu. Magoti yangu hayazitaki tena ngazi za barazani. Lakini baba yako ana kliniki ya presha pale hospitali ya KCMC, hapa Moshi, na kutoka hapa bodaboda inamfikisha kabla hajamaliza kumsimulia dereva habari za ualimu wake. Faili lake liko pale, manesi wanamjua. Ukituhamishia kwako Goba, Dar es Salaam, atabaki ndani na joto, akingoja urudi kazini umpeleke hospitali. Na mimi Jumamosi niende jumuiya gani? Hapa nikikosa sala mara moja, mama mmoja anagonga geti kuuliza kama naumwa.

Baba yako anaota kihamba cha Kibosho, shamba la ukoo wao kule mlimani. Nami nakipenda: migomba, mibuni michache iliyobaki, masale ya mpakani, makaburi ya wakwe zangu. Ila Julai kule baridi inaingia kwenye mifupa, na masika njia inawateleza hata vijana wanaobeba majani ya ng'ombe. Akizidiwa usiku, nitamshusha na nani? Isitoshe, kwa desturi nyumba ya kihambani ni ya mdogo wako, kitinda mimba, na mkewe ameshaanza kupanga pa kujenga jiko. Sitaki kuwa mama mkwe anayekaa katikati ya jiko la mwenzake. Kihambani tutakwenda tu siku yetu ikifika, hakuna haja ya kuwahi.

Basi nimeamua, na baba yako amekubali baada ya kununa kidogo. Wale wanafunzi waliopanga nyumba ya uani wanamaliza chuo. Tutahamia sisi. Vyumba viwili, jiko na kibaraza kinachotazama mlima asubuhi kabla ya mawingu, vinatutosha. Nyumba kubwa tutaipangisha. Madaktari wanaokuja kusomea ubingwa KCMC hutafuta nyumba huku, wengine na watoto wao, na kodi wanalipa ya miezi sita kwa mkupuo. Ya kwanza inaezeka paa. Zinazofuata, pamoja na pensheni, zitamlipa dada wa kazi na dawa ambazo bima haitoi. Mkataba utaandikwa na wakili. Maneno ya mdomo na wapangaji nimeshayachoka. Nami usiku nitasikia watu uwanjani, jambo ambalo nyumba kubwa yenye wazee wawili haina.

Unataka kusaidia? Nyumba ya uani ina choo cha kuchuchumaa. Nitafutie fundi aweke cha kukaa, afunge vyuma vya kushikia ukutani, amwage na zege la mteremko mlangoni badala ya ile ngazi. Taa ya nje nitanunua mwenyewe. Hiyo kazi ifanyike kabla ya Juni, kabla baridi haijaanza.

Mwambie dalali asirudi. Na Desemba uje na gari lenye nafasi, maana kabati la bibi yako halipiti mlango wa nyumba ya uani na sitamwachia mpangaji. Linakuja kwako. Mkeo akisema halienei, mwambie anipigie mimi.

Mama yako