Risala ya Timu ya Softiboli ya Wanaume wa Sinagogi kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kufunga Msimu, Chicago

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Rabi wetu mpendwa,
Mwenyekiti wa halmashauri ya sinagogi,
Wazee wetu, wake zetu na watoto wetu,

Shalom.

Sisi wachezaji tunakushukuru kwa kukubali kuja kula nasi jioni hii. Kombe hatukuleta. Mechi tulizopoteza ni nyingi kuliko tulizoshinda. Hata hivyo tunayo ya kukueleza.

Mchezo wetu, ndugu wa besiboli, ulizaliwa mjini humu, Siku ya Shukrani ya mwaka 1887, glavu ya ndondi ilipofungwa kamba ikawa mpira na mpini wa ufagio ukawa gongo. Mpira wa Chicago una mzingo wa inchi 16, na tunaudaka kwa mikono mitupu. Vidole vilivyoteguka msimu huu mmeviona wenyewe. Timu ikilinda uwanja huwa na watu 10. Idadi hiyo ndiyo iliyoubeba msimu wetu.

Mwezi wa Mei, mlinzi wetu wa besi ya tatu alifiwa na baba yake. Mtoto humsomea mzazi wake Kadishi, sala ya wafiwa, kila siku kwa miezi 11, na kwa desturi yetu haisomwi bila wanaume 10. Mechi zetu za Jumapili zinagongana na sala ya alasiri. Siku 30 za matanga zilipokwisha, wewe ulimruhusu kucheza, lakini yeye alikuja kurudisha fulana. Nahodha hakuipokea. Alimwambia, "Watu kumi si ndio sisi?"

Tangu hapo, kila mechi ilipokwisha tulisimama nyuma ya wavu, vumbi miguuni, tukaelekea mashariki na kusali kabla jua halijazama.

Jumapili moja ya Julai tulifika tisa tu. Tulicheza pungufu, tukafungwa vibaya, na jua lilikuwa linashuka. Mwenzetu alikwisha kufunga kitabu chake cha sala. Ndipo mrushaji wa timu iliyotufunga, muumini wa sinagogi jingine ambaye hata jina hatukulijua, akavuka uwanja na kusema, "Mimi ni wa kumi." Kadishi ikasomwa. "Amina" ya siku ile bado tunaisikia.

Tunakushukuru pia kwa kutuombea ligi iahirishe mechi iliyoangukia mfungo wa tarehe 9 ya Av, mwezi wa kalenda yetu ya Kiyahudi, siku ya kuliomboleza Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa. Baadhi ya vijana walinung'unika. Wazee wakawasimulia Oktoba 1965, Sandy Koufax, mrushaji Myahudi wa timu ya besiboli ya Dodgers, alipokataa kurusha mechi ya kwanza ya fainali kwa kuwa ilikuwa Yom Kippur, siku yetu kuu ya toba. Dodgers walifungwa siku ile, na ubingwa wakautwaa baada ya mechi saba.

Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Tunaomba vitabu 12 vya sala vya kukaa ndani ya mfuko wa magongo, maana wengi tunasomea kwenye simu na wazee herufi hawazioni. Tunaomba pia utuhimizie wachezaji wawili watatu wa akiba, hata wasiojua kupiga mpira, ili tusifike tisa tena.

Kadishi ya mwenzetu itaendelea hadi Aprili. Theluji ikiufunika uwanja tutakuja kwako kila Jumapili alasiri, sote kumi. Tunaomba mlango uwe wazi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wachezaji