"Ziwa linaliaje?": neno lililonifanya nifiche daftari

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa kumi alfajiri, sijafumba jicho. Taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani kama mji mwingine. Tafadhali usiseme ni jambo dogo, maana nimeshaambiwa hivyo na kila mtu.

Nina miaka 28, naanika na kuuza dagaa hapa Kirumba. Siku za giza hatulali. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, na ndizo siku ninazoandika nyimbo za kikundi chetu cha ngoma. Maneno ni yangu. Sauti na mapigo ni ya kaka mmoja wa kikundini. Mwanzoni tulielewana sana, sitaki kumsingizia.

Mwaka juzi nilipeleka mazoezini ubeti wa mama aliyeanika dagaa mchangani kwa kukosa hela ya chanja, mvua ikawakuta. Mwishoni anauliza: nilie mimi au lilie ziwa? Kaka alichukua daftari langu, akausoma kwa sauti nyembamba ya kuniigiza, kisha akauliza, "Ziwa linaliaje?" Watu wakacheka. Walikuwa 17, niliwahesabu baadaye kitandani. Pale pale nilishindwa kuinua uso. Kwenye jalada kulikuwa na magamba ya dagaa yamenata, nikawa nayabandua kwa ukucha, moja moja, mpaka wakahamia wimbo mwingine.

Mama anasema ule ulikuwa utani. Sawa. Lakini utani ni kuniigiza sauti? Mimi si mtu wa kinyongo, Shangazi, uliza yeyote. Sikugombana na mtu wala sikuhama kikundi. Naitikia nyuma na wenzangu, daftari nimeliacha nyumbani.

Sasa wiki iliyopita kaka amekuja mwenyewe hadi kwenye chanja zangu. Anataka tutunge pamoja wimbo wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, kule Bujora, mwezi wa sita. Unajua mambo ya pale: Bagika na Bagalu, zile pande mbili za ngoma zinazoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, na aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Ukiwachosha watu wanakupa mgongo, wanahamia upande wa pili huku bado unaimba. Hilo wala siliogopi. Hata wakiondoka wote. Ninachoogopa ni kuona daftari langu mkononi mwake tena.

Nilimwambia atafute mtu mwingine. Akasema haya, akaondoka. Juzi nikasikia amemfuata binti mmoja wa kikundini, nikalia mpaka mwanangu akaniuliza nani amekufa. Sitaki kutunga naye, naomba unielewe. Ila beti tatu nimeshaandika, na kila nikizisoma nasikia mapigo yake. Siku ile alipokuja alikuwa anagonga beseni langu kwa vidole huku anaongea, na mapigo yale hayajanitoka kichwani.

Nilimpima kidogo. Nikamuuliza, unakumbuka ule ubeti wa mvua? Akasema, "Upi?" Hakumbuki, Shangazi! Mimi miaka miwili naisikia "ziwa linaliaje" kila nikishika kalamu, yeye hakumbuki.

Rafiki yangu ananishauri nisimpe daftari, niuimbe ubeti mmoja kwa mdomo wangu, tukiwa wawili tu, nione anaupokeaje kabla ya kwenda mbele ya kikundi. Naona ana akili. Lakini nikianza kuimba sauti inakauka, na nikinyamaza ataniona sina kitu.

Halafu kuna hili. Je, nimwambie kwanza kwamba siku ile aliniumiza, ndipo tukae kutunga? Au nikimwambia atanihurumia, na tangu hapo kila neno langu atalisifia hata likiwa baya? Sitaki kuhurumiwa. Nataka aniambie neno likiwa baya, ila aniambie mimi, si watu 17.

Mazoezi ni Jumamosi saa tisa, Kisesa. Nauli ya daladala nimeshaiweka pembeni. Ule ubeti wa ziwa upo palepale ukurasa wa kwanza, sijabadili hata neno.

Mimi binti yako,
Kirumba, Mwanza